Mgeni Aombaye Maji

Mazungumzo ya redio
Masomo ya kusoma nyumbani: Nehemia 2:1–18, Matendo 13:1–3, Yohana 4:1–42



Jumapili moja, baada ya ibada, mama mmoja mjane wa hapa kwetu kusini mwa pwani alitungoja mlangoni mwa kanisa mpaka watu wote walipokwisha kutoka. Binti yake ni muuguzi na mkunga, na amefanya kazi katika zahanati za Kwale kwa miaka sita. Sasa ameitwa kwenda Sudan Kusini kwa miaka mitatu, kuwafundisha wakunga wa huko, bila mshahara, ila posho ya chakula na nyumba ya kulala. Barua imefika, naye ameitikia. Mama yule hakulia, wala hakupaza sauti. Alituuliza neno moja tu: "Mchungaji, kwani hapa Kwale wagonjwa wamekwisha?"

Hatukuwa na jibu. Tulimwambia, "Mama, na tuombe," na kuomba ni vema siku zote. Lakini na tukiri mbele yenu kwamba siku ile tuliomba ili tupate nafasi ya kufikiri. Tumelifikiri swali lake tangu hapo. Leo twapenda kusema nanyi juu ya jambo hili: mtu anayetaka kwenda kujitolea kwa muda mrefu katika nchi maskini isiyo yake, ajitayarisheje? Na kanisa linalomtuma, lijitayarisheje?

Zamani tulidhani hii ni habari ya Wazungu. Tuliwaona wakija. Shirika la VSO lilianzishwa Uingereza mwaka 1958, na Peace Corps ya Marekani mwaka 1961, nao vijana wao wakaja kufundisha katika shule zetu. Hata leo ukisimama Ukunda au Diani utawaona wageni waliokuja kusaidia, wengine kwa wiki mbili, wengine kwa miaka. Lakini mambo yamegeuka. Umoja wa Mataifa ulianzisha mpango wake wa watu wa kujitolea mwaka 1970, na siku hizi wengi wa wanaotumwa ni watu wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Umoja wa Afrika nao ulianzisha mpango wa vijana wa Afrika wa kujitolea mwaka 2010. Basi swali la mama yule litaulizwa katika nyumba nyingi za Wakristo wa Kenya. Yafaa tuwe na jibu.

Kosa letu sisi wenyewe

Kabla hatujamfundisha mtu, hatuna budi kusema tulivyokosa.

Miaka kadhaa iliyopita tulimtuma kijana mmoja wa kanisa letu kwenda kufundisha katika nchi ya jirani. Tulimwaga kwa nyimbo na vigelegele. Tulimpa Biblia, blanketi na bahasha ya fedha. Fedha zile zilitosha kwenda, hazikutosha kurudi. Hakuna mmoja wetu aliyeuliza atalala wapi, atasema lugha gani, au nani atamwuguza akiugua. Alizuiliwa mpakani siku mbili kwa kukosa kadi ya chanjo. Alipofika, waliompokea walikuwa wakimtazamia mwalimu wa hesabu, naye alikuwa seremala. Kwa miezi saba hatukumwandikia barua hata moja. Tulikuwa tukimwombea kila Jumapili, kwa jina, na tukaona yatosha.

Alirudi amekonda kwa homa. Alivuka kivuko cha Likoni peke yake, akapanda matatu mpaka kwao, na Jumapili akaketi benchi la nyuma kabisa. Tulipomwendea nyumbani, alitukaribisha vizuri, akatupa chai. Kisha akasema, "Mchungaji, naomba kuuliza. Mlinituma, au mlinisindikiza tu?"

Ndugu wapenzi, neno hilo lilituchoma, na lilikuwa haki yetu kuchomwa. Kumsindikiza mtu ni kwenda naye hatua chache mpaka njia panda, kumpungia mkono, kisha kurudi nyumbani kula chakula chako. Kumtuma ni jambo jingine. Aliyetuma angali yumo safarini pamoja na aliyetumwa, hata kama miguu yake haijatoka Msambweni.

Ajaribiwe nyumbani kwanza

Tukisoma Matendo ya Mitume sura ya 13, twaona kanisa la Antiokia likiwatenga Barnaba na Sauli kwa kazi ya mbali. Lakini rudini nyuma mpaka sura ya 11. Hapo twaambiwa kwamba watu hao wawili walikuwa wamekwisha kufundisha katika kanisa lile mwaka mzima. Antiokia haikuwatuma watu isiowajua, wala haikuwatuma wale ambao ingefurahi kuwapunguza. Iliwatoa watu ambao pengo lao lingeonekana.

Basi, kijana anayekuja kwetu akisema, "Mchungaji, nimeitwa kwenda Kongo kuwahudumia maskini," tumzoee kumwuliza: Je, maskini wa mtaa wako unawajua kwa majina? Umepata kumpeleka mgonjwa hospitali ya Msambweni usiku, ukakaa naye mpaka asubuhi? Umepata kufanya kazi chini ya mtu mwenye hasira, ukavumilia mwaka mmoja? Asiyeweza kukaa na jirani yake wa Kwale hatageuka kuwa mtu mwingine kwa sababu amepanda ndege. Tabia husafiri pamoja na mwenyewe. Ugomvi, uvivu na kiburi havizuiliwi mpakani.

Tena ajichunguze sababu yake. Wako wanaotaka kwenda kwa kuwa wamekosa kazi, au uchumba umevunjika, au nyumbani pana maneno. Hizi si dhambi, lakini hazifai kuwa mizigo ya kuwapelekea watu wengine. Mtu aketi na rafiki mzee, asiye na haya ya kumwambia kweli, amweleze yote. Akisha kueleza yote, na bado hamu ipo, hiyo ni dalili njema.

Nehemia aliomba barua

Wako Wakristo wanaodhani kwamba kushughulika na makaratasi ni upungufu wa imani. Na wasome habari za Nehemia. Alipopata habari za Yerusalemu alilia, akafunga, akaomba. Kutoka mwezi wa Kisleu mpaka mwezi wa Nisani ni kama miezi minne. Lakini mfalme alipomwuliza shida yake, Nehemia alikuwa na majibu tayari. Mfalme aliuliza safari itachukua muda gani, naye akataja muda. Akaomba barua kwa maliwali wa njiani. Akaomba barua nyingine ya miti ya kujengea. Miezi minne ya maombi ilimfikisha kwenye orodha ya vitu, na orodha ile ilikuwa sehemu ya imani yake.

Na sisi tufuate mfano huo. Kwanza, liwepo patano lililoandikwa kati ya anayekwenda, wanaomtuma na wanaompokea. Liseme kazi ni ipi na nani msimamizi wake. Litaje muda wa kazi na wa likizo, posho, na nyumba atakayolala. Liseme pia akiugua nani atalipa, na kukizuka vita nani ataamua aondoke. Kama wanaompokea hawakuomba mtu wa namna yake, asiende. Seremala wetu angeandikiwa patano kama hilo, tungaligundua mapema kwamba walihitaji mwalimu wa hesabu.

Pili, hati. Pasipoti iwe na muda wa kutosha. Kibali cha kuingia si lazima kiwe ndicho kibali cha kufanya kazi, hata kazi isiyo na mshahara. Mwuguzi, mkunga au mwalimu aulize kama cheti chake kinatambuliwa huko. Achukue pia hati ya tabia njema ya polisi, hasa akienda kufanya kazi na watoto.

Hapo kwa watoto na tukae kidogo, kwa maana sisi wa pwani tumejifunza kwa uchungu. Wageni wengi wema wamepita katika makao ya watoto. Hukaa wiki mbili au mwezi, huwabeba watoto, hucheza nao, kisha huondoka, na wengine huja. Mtoto anayependwa na kuachwa kila mwezi hujifunza kutompenda mtu. Novemba 2017 serikali yetu ilisimamisha uandikishaji wa makao mapya ya watoto, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 yataka mtoto alelewe katika jamaa, si katika makao, kila inapowezekana. Basi anayekwenda nchi nyingine asitake kufanya huko yale tuliyoona hasara yake hapa. Aimarishe mikono ya wale ambao watoto wale watabaki nao.

Tatu, afya. Chanjo ya homa ya manjano huhesabiwa kuwa halali baada ya siku 10, kwa hiyo haifai kuichanjwa siku ya kuondoka. Tangu mwaka 2016 cheti chake, kwa kanuni za dunia, ni cha maisha yote. Kitunzwe kama pasipoti. Na malaria je? Mtu wa Kwale hudhani malaria ni ndugu yake, amekua naye. Lakini kinga anayopata mtu kwa kukulia penye malaria si kamili, tena hupungua akikaa mbali. Achukue chandarua chake na akitumie. Homa ikimpata, apimwe, asijitibu kwa kubahatisha.

Nne, fedha. Kabla hajaondoka, nauli ya kurudi iwe imewekwa mahali pasipoguswa. Akipata msiba nyumbani, au akiugua, asilazimike kuombaomba. Bwana wetu alisema habari za mtu atakaye kujenga mnara, kwamba huketi kwanza na kuhesabu gharama. Kuketi nako ni kazi.

Wala tusidanganyane juu ya hatari. Sudan Kusini ilipata uhuru Julai 2011, na Desemba 2013 ikaingia vitani wenyewe kwa wenyewe. Mapatano ya mwaka 2018 yalipunguza vita, hayakuifuta hofu. Anayekwenda ajue kwamba kuondoka wakati wa hatari, akiambiwa na wenyeji wake, si kumkana Bwana. Mara nyingi mgeni anayeng'ang'ania kubaki huwa mzigo kwa wale wanaotafuta pa kumficha.

Pampu za Kwale

Sasa twaja kwenye matayarisho yasiyoandikwa katika hati yoyote. Hapa hatuna haja ya kwenda mbali. Tutazame visima vyetu wenyewe.

Wazee wa Diani na Msambweni wanakumbuka wakati wanawake walipoteka maji katika visima vya wazi, kwa kamba na ndoo. Mwaka 1983 ulianza huku kusini mwa pwani mradi wa kujaribu pampu za mkono, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa na Benki ya Dunia, pamoja na serikali yetu. Mwanzo wake ulikuwa kazi ya mafundi. Walitaka kujua ni pampu gani itakayostahimili mikono ya watu wengi kila siku. Walikuwa watu wa elimu na nia njema. Lakini pampu haikai peke yake. Ina kijiji, na kijiji kina wanawake wanaojua nani huteka wapi, saa ngapi, na kwa nini. Ikabidi waletwe watu wa kuketi na wanavijiji. Kazi hiyo ilifanywa na shirika la hapa Kenya liitwalo KWAHO, ambalo lilikuwapo tangu miaka ya 1970.

Hapo mambo yakabadilika. Vijiji viliunda kamati za maji, na wanawake wakawa ndani yake. Watu walichanga fedha za matengenezo. Akina mama ambao hawakuwahi kushika spana wakafundishwa kuifungua pampu na kubadilisha vipuri. Na pampu yenyewe ikafikiriwa upya, iwe nyepesi kutengenezwa na watu wa kijijini kwa zana chache. Kutokana na kazi hiyo, hapa Kenya na kule Malawi, ikatokea pampu iitwayo Afridev, ambayo leo yateka maji katika nchi nyingi za Afrika na Asia.

Twawasihi mlitie hili moyoni, ninyi mnaotaka kwenda mbali. Fundi alikuwa na chuma, mama wa Kidigo alikuwa na maarifa ya kisima. Maji hayakukaa sawa mpaka fundi alipomwuliza mama. Na siku fundi alipoondoka, maji yalibaki mikononi mwa yule aliyeulizwa.

Basi katika miezi ya kwanza, mgeni asibadilishe kitu. Nehemia mwenyewe, alipofika Yerusalemu, alikaa siku tatu, kisha akazunguka ukuta usiku akitazama, na watu hawakujua nia yake. Alisema baadaye, akisha kuona. Nehemia alikuwa akienda kwa watu wa kabila lake, kwa lugha yake; mtu anayekwenda kwa wageni atahitaji zaidi ya siku tatu.

Bwana wetu kisimani

Hata hivyo iko habari ya kisima iliyo kuu kupita hiyo. Katika Yohana sura ya 4 Bwana Yesu anapita Samaria, nchi ya watu wasiochangamana na Wayahudi. Amechoka. Ni saa sita, jua la utosi. Mwanamke anakuja kuteka. Twajua sote kwamba Yesu amekuja na maji ya uzima. Hakuna katika dunia nzima aliye na kitu kikubwa zaidi cha kutoa. Naye anaanzaje? Anaomba maji. Hana ndoo, kisima ni kirefu, naye anamwomba mwanamke wa kabila lililodharauliwa amsaidie.

Tulipokuwa chuo cha theolojia tulifundishwa kwamba hiyo ilikuwa njia ya kuanzisha mazungumzo. Siku hizi twaona ni zaidi ya hapo. Bwana hakuigiza kiu. Alikuwa na kiu kweli. Na mwanamke yule, kwa kuombwa, aliinuliwa. Alikuwa na kitu ambacho mgeni alikihitaji. Mtu unayempa tu kila siku, wala humwombi kitu, umemwambia bila maneno kwamba hana kitu.

Hii ndiyo sababu lugha ni tayarisho la kwanza na la mwisho. Anayejifunza lugha ya watu huwa mwombaji kila siku. Huomba neno la chumvi, neno la kesho, neno la samahani. Watoto humcheka. Daktari mwenye vyeti vitano husahihishwa na mpishi. Ludwig Krapf, mmisionari wa kwanza wa kanisa letu katika pwani hii, alifika Mombasa mwaka 1844. Mwaka ule ule, mwezi wa Julai, mkewe Rosina alifariki pamoja na mtoto wao mchanga, nao wamezikwa Mombasa. Krapf hakuwa na kanisa wala shule. Alikuwa na kiu ya lugha. Na aliyemsaidia katika kuutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili alikuwa Sheikh Ali bin Muhyiddin, kadhi wa Mombasa. Kamusi ya Kiswahili aliyoikusanya ilitolewa mwaka 1882, baada ya yeye kufa. Sisi Wakristo wa Kwale, tunaoishi na majirani Waislamu mlango kwa mlango, tusisahau kwamba mmisionari wetu wa kwanza alimwomba maji ya lugha kadhi.

Jembe la Apolo

Na iwapo mtu atasema hizo ni habari za Wazungu tena, tutamtajia Apolo Kivebulaya, Mganda, mtu wa kanisa letu. Alibatizwa mwaka 1895. Mwaka 1896 alitumwa kuvuka milima ya Ruwenzori mpaka Boga, ambako leo ni Kongo. Walimu wawili walikuwa wametangulia huko, nao walirudi kwa sababu chifu alikataa kuwapa chakula. Inasimuliwa kwamba Apolo alipoyasikia hayo alizichukua kauri alizokuwa nazo, akanunua jembe.

Wahenga wetu husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Apolo hakungoja siku ya tatu. Alikwenda nalo begani. Hakutaka njaa yake iwe mzigo wa watu aliokwenda kuwatumikia, wala sababu ya kurudi. Alipigwa, akashitakiwa kwa uongo, akafungwa gerezani, akatoka, akarudi Boga kule kule. Chifu aliyemtesa alibatizwa. Apolo alifanywa kasisi mwaka 1903, akaishi na kufa kati ya watu wale mwezi wa Mei 1933. Kabla ya kufa aliomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu ambako kazi haijafika.

Boga ingali na mateso. Mwisho wa Mei 2021 watu zaidi ya 50 waliuawa kwa usiku mmoja huko Boga na Tchabi mikononi mwa watu wenye silaha. Kanisa lililopandwa na Apolo liliwazika watu wake, nalo lipo. Msaada wa haraka hauachi mizizi ya namna hiyo. Apolo alijua kwamba jembe ni kazi ya miaka.

Jibu kwa mama

Sasa twarudi mlangoni mwa kanisa, kwa mama yule mjane. Tulikwenda kwake, mzee wa kanisa mmoja, mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama, na sisi. Tulipiga hodi, tukakaribishwa, tukaomba maji ya kunywa kwanza, kwa kuwa jua lilikuwa kali na kwa kuwa tulikuwa tumeanza kujifunza.

Tulimwambia, "Mama, wagonjwa wa Kwale hawakwisha. Ulisema kweli. Tungekuwa tumekwisha kuwaponya wote ndipo tutume, hatungetuma kamwe. Na wale wa Ulaya wangengoja wagonjwa wao waishe, sisi tusingelisikia Injili. Lakini si haki wewe peke yako uilipe safari hii. Kama binti yako ni wa kanisa, basi na mama yake ni wa kanisa."

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mchungaji, paa langu linavuja, na masika yanakuja." Alisema hivyo bila kulalamika, kama mtu anayesoma orodha. Nasi tukaandika.

Tangu siku ile baraza la kanisa limekubali mambo haya. Paa litaezekwa upya kabla binti hajaondoka. Nyumba mbili za jirani zimechukua zamu ya kumletea maji na kumpeleka hospitali ikihitajika. Nauli ya binti ya kurudi imewekwa benki. Mtu mmoja amepewa kazi ya kumpigia simu na kumwandikia kila mwezi, awe na habari au asiwe nazo. Na binti mwenyewe, kila Jumamosi, huvuka kwenda Mombasa kwa mama mmoja wa kutoka Juba anayemfundisha Kiarabu cha huko. Anasema humchosha kuliko zamu ya usiku. Twaona anaendelea vizuri.

Na yule kijana seremala? Yeye ndiye aliyejitolea kuezeka paa. Alisema, "Safari hii nataka kuwa upande wa wanaotuma." Hatukuwa na neno la kuongeza.

Ndugu msikilizaji, pengine wewe huendi popote. Lakini katika kanisa lako yuko anayekwenda, au atakayekwenda mwakani. Msimsindikize tu. Ulizeni nani atalilinda paa la mama yake. Na wewe unayekwenda, funga mzigo wako mdogo, chukua hati zako, chukua chandarua, chukua jembe lako, liwe la chuma au la ufundi wa mikono yako. Utakapofika, kabla hujafungua mkono kutoa, omba maji ya kunywa, uyapokee kwa mikono miwili.

Tuombe.

Ee Bwana Yesu, uliyeketi kisimani ukiwa umechoka, uwahurumie wote wanaojiandaa kwenda mbali. Uwape masikio kabla ya midomo. Uwalinde mama na baba wanaobaki. Utusamehe sisi tuliowasindikiza watu wako na kuwasahau, utufundishe kutuma. Uwakumbuke watu wa Sudan Kusini, wa Boga, na wagonjwa wa Kwale usiku huu. Twaomba hayo katika jina lako. Amina.

Mungu awabariki. Kwaherini, mpaka tutakapokutana tena katika mazungumzo yajayo.